Yuniti ya misingi ya kompyuta isifutwe, ibadilishwe

Kila mitaala ya vyuo inapopitiwa upya, yuniti ya kwanza kunyooshewa kidole ni ile ya misingi ya kompyuta ya mwaka wa kwanza. Vijana wa leo, tunaambiwa, wamekua na simu mkononi. Wanalipa kwa M-Pesa, wanahariri video za TikTok, kila swali wanauliza Google. Ya nini kuwafundisha kompyuta? Mimi naifundisha yuniti hiyo hapa Mombasa, na nasema wazi kwamba ikifutwa tutawaumiza wale wale ambao hawana pengine pa kujifunzia.

Kutumia simu ni ujuzi, lakini si ujuzi huu. Simu imeundwa makusudi ikufichie mafaili. Picha utaziona kwenye galari, noti za darasa ziko kwenye kundi la WhatsApp, na hakuna anayekuuliza kitu gani kikae wapi. Kwa simu huo ni ubunifu mzuri. Tabu huanza kijana anapoketi mbele ya kompyuta ya maabara. Amechapa insha yake, nimemwambia aihifadhi. Dirisha linafunguka kumuuliza jina na mahali. Anabonyeza sawa bila kusoma. Faili linabaki na jina lililopendekezwa na kompyuta yenyewe, ndani ya mashine hiyo hiyo. Wiki inayofuata anakalia mashine nyingine, anatafuta, hapati, ananiita: "Mwalimu, kompyuta imefuta kazi yangu." Haijafuta kitu. Kazi iko pale pale alipoiacha, mashine ya pili kutoka mlangoni.

Hapo ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Faili lina jina, lina aina, lina mahali. Folda inaweza kukaa ndani ya folda nyingine. Faili ulilolifungua kutoka kwenye barua pepe ukalirekebisha si lile lililobaki kwenye barua pepe. Sasa yako mawili, na usipoangalia utamtumia mhadhiri lile la zamani. Nimeona wanafunzi wakipoteza alama kwa jambo hili moja, kazi nzuri kabisa imefanywa, lililofika ni rasimu. Akishalielewa, mengine humjia kwa wepesi: kubana mafaili, kuweka nakala mtandaoni, hata kuandika programu, maana programu nayo lazima iambiwe faili liko wapi.

Kwenye Word tatizo linajitokeza mwaka wa nne, wakati wa ripoti ya mradi. Mwanafunzi anachapa ukurasa wa yaliyomo kwa mkono, nukta moja moja mpaka kwenye nambari ya ukurasa. Msimamizi akimwambia aongeze aya mbili, nambari zote zinahama, na usiku unaishia hapo. Angefundishwa mwaka wa kwanza kuziweka sura zake kwa mitindo ya vichwa, orodha hiyo ingejitengeneza yenyewe kwa mibonyezo michache.

Excel ndiyo inayowaaibisha zaidi wakienda atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, kwenye kampuni za mizigo za bandari ya Kilindini, hoteli za Nyali au ofisi za kaunti. Anajumlisha kwa kikokotoo cha simu kisha anachapa jibu kwenye kisanduku. Takwimu moja ikirekebishwa, jumla inabaki ya zamani, na karatasi haimwonyi. Au anaingiza orodha ya wateja, na nambari zote za simu zilizoanza na 07 zinapoteza sifuri, kwa sababu Excel imezihesabu kuwa tarakimu za hesabu. Alipaswa kuitambulisha safu hiyo kuwa maandishi kabla ya kuanza. Ni somo la dakika tano, ila lazima awepo wa kulifundisha.

Linalonikosesha usingizi ni paswodi. Kijana akimaliza shule huenda saiba ya mtaani, Kisauni au Changamwe, kuomba nafasi ya chuo kwa KUCCPS, shirika linalopanga wanafunzi vyuoni, na baadaye mkopo wa masomo wa HELB. Mhudumu anamfungulia barua pepe, anamchagulia paswodi, mara nyingine anaweka nambari yake mwenyewe ya simu ili foleni isogee. Simlaumu mhudumu, anayehudumiwa hajui aulize nini. Lakini siku kijana atakapotaka kuingia mwenyewe, msimbo unatumwa kwenye simu ya mtu mwingine. Na aliyeishika barua pepe yako anaweza kuomba paswodi mpya ya karibu kila akaunti uliyoifungua kwa barua pepe hiyo. Kwa hiyo kazi ya kwanza darasani kwangu ni kila mmoja kukagua nambari na anwani za kurejeshea akaunti yake, na kuondoa zisizo zake.

Wengine wananiambia nivute subira, watoto wa mtaala wa umilisi waja, ambao umahiri wa kidijitali ni mmojawapo wa umilisi wake saba. Wa kwanza wanatarajiwa chuoni mwaka 2029. Hawa tulio nao sasa ni wa mfumo wa zamani wa 8-4-4, ambako somo la kompyuta lilikuwa la hiari na shule nyingi hazikuwa nalo. Nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS ziliibuka kutoka baharini hapa hapa Mombasa mwaka 2009, lakini msichana wa kutoka vijijini Ganze au Kinango bado anaweza kufika chuoni hajawahi kushika kipanya.

Wakosoaji wana haki katika jambo moja. Kama yuniti ni ya kukariri vizazi vya kompyuta, yaani historia ya mashine za zamani hadi za leo, na kujaza kijitabu cha mtihani kwa kalamu, mwanafunzi anaweza kupata A bila kugusa kibodi, na hiyo haina faida. Mtihani ufanyiwe kwenye mashine: panga mafaili haya, rekebisha jedwali hili, tuma nakala sahihi.

Anayejua tayari asizuiwe. Wiki ya kwanza apewe jaribio la saa moja, akipita aendelee na mengine. Kiti chake kitapata mtu, kwa sababu wanafunzi wanaposhiriki mashine mmoja hubonyeza na mwenzake hutazama, na mara nyingi anayetazama ndiye aliyehitaji kubonyeza. Maabara nazo zifunguliwe Jumamosi, kwani wanaorudi Likoni kila jioni wanaondoka mapema kuwahi feri.