Je, wajua kwa nini sauti ya amplifaya hujaa sebule ukiigusa tu volyumu?

Usiku, watoto wakishalala, mtu hutaka kusikiliza muziki kwa sauti ya chini. Anazungusha volyumu ya amplifaya upana wa ukucha, haisikiki. Anaongeza kidogo mno, na sebule nzima inajaa kelele. Akiirudisha nyuma polepole, spika ya kushoto inabaki ikiimba peke yake huku ya kulia ikinong'ona. Wengi huifurahia amplifaya ya namna hii, wakiamini kwamba kama kwenye namba 2 inapiga hivyo, basi kwenye 10 itatikisa mtaa. Imani hiyo si sahihi, tena ni ya hatari kwa spika.

Volyumu haizalishi nguvu yoyote. Kazi yake ni kama ya koki ya maji: huzuia sehemu ya ishara inayotoka kwenye chombo cha kuchezea muziki na kuiachia iliyobaki iende kukuzwa, ilhali ukuzaji wenyewe, huko mbele, ni uleule wakati wote. Kinachoamua sauti itapanda kwa kasi gani, basi, ni ukubwa wa ishara inayoingia ukilinganishwa na kiasi ambacho amplifaya inakihitaji.

Hapo ndipo penye tatizo. Amplifaya nyingi za zamani ziliundwa kwa ajili ya redio na deki za kaseti, ambazo hutoa milivolti mia chache tu (milivolti 1,000 ni volti moja), na kwa hiyo milivolti 150 hadi 200 ziliwekwa kuwa kiasi cha kuzifikisha kwenye nguvu zake zote. Mashine za CD, zilizoingia sokoni mwaka 1982, zilizoea kutoa hadi volti 2, na vifaa vingi vilivyofuata vimerithi kiwango hicho. Volti 2 ni mara 10 ya milivolti 200, yaani kuna desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti au ishara) za ziada kabla hujagusa chochote.

Tuchukue amplifaya ya wati 50. Volyumu ya kawaida ikifika nusu ya mzunguko hupitisha takriban sehemu moja ya kumi ya volti zinazoingia. Kwa hiyo volti 2 zinakuwa milivolti 200, na wati zote 50 zimekwisha hapo hapo katikati. Ukizidisha, amplifaya hukata vilele vya mawimbi, sauti hupasuka, na twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zinaweza kuungua. Kwa upande mwingine, spika yenye uwezo wa desibeli 88 kwa wati moja, ukiwa umbali wa mita moja, inahitaji wati 0.01 tu kutoa desibeli 68, sauti inayozidi kidogo mazungumzo ya kawaida. Usikilizaji wote wa usiku umebanwa mwanzoni kabisa mwa mzunguko. Isitoshe, ndani ya volyumu mna njia mbili za kaboni, moja kwa kila upande, na ni mwanzoni hapo ndipo zinapotofautiana zaidi. Ndiyo sababu spika moja huitangulia nyingine.

Dawa ni kuipunguza ishara kabla haijaingia. Kama chombo chako kina mpangilio wa kupunguza sauti inayotoka, anza na huo, kwani haugharimu kitu. La sivyo, mwombe fundi akuwekee rezista mbili (vipande vidogo vya kuzuia umeme) kwa kila upande: ya kiloohmu 10 ipitishe ishara, na ya kiloohmu 3.3 iunganishe waya wa ishara na ethi, upande wa amplifaya. Ishara hubaki takriban robo, yaani desibeli 12 zimeondoka, na volyumu inapata nafasi ya kuzunguka kwa utulivu. Nasisitiza kwamba kazi hii hufanyika kwenye waya wa kuingilia, kamwe si kwenye waya wa spika, ambako rezista hugeuza nguvu kuwa joto na kuharibu besi.

Jambo moja rezista hizo haziliondoi ni ule mvumo mwembamba kama upepo unaosikika ukiliweka sikio karibu na twita hata volyumu ikiwa sifuri. Mvumo huo huzaliwa baada ya volyumu. Hupungua tu pale kipunguzaji kinapowekwa kati ya hatua ya awali, inayoiandaa ishara, na hatua ya nguvu, inayozisukuma spika, kwa amplifaya zenye matundu ya kuzitenganisha hatua hizo mbili.