Tatizo si wembamba wa bodi

Katamarani ya mashindano, yaani chombo cha tanga chenye bodi mbili zinazoelea sambamba, ikikatika baharini, utasikia watu wakisema: bodi ilikuwa nyembamba mno, wangeongeza tabaka ingehimili. Dhana hii imekita mizizi, na inapotosha.

Kuta za bodi hizo ni kama mkate uliojazwa: ngozi mbili nyembamba za nyuzi za kaboni na katikati povu jepesi au kiini chenye umbo la sega la nyuki. Ugumu wake unatokana na ngozi hizo kukaa mbali moja na nyingine huku zikibaki zimeshikamana na kiini. Mawimbi yakipiga chini ya omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, mara maelfu, kiini huweza kupasuka au gundi kuachia. Hapo ngozi inayobanwa hukosa egemeo, hujikunja ghafla na kuvunjika. Kwa nje huoni kitu. Ndiyo maana mafundi huigongagonga bodi na kusikiliza panapotoa sauti butu.

Tena kuna boriti zinazounganisha bodi mbili. Bodi moja ikipanda wimbi huku nyingine ikishuka, chombo chote hupindwa, na mkazo hujikusanya kwenye viungo. Kuongeza tabaka kila mahali huongeza uzito, na chombo kizito hutia mkazo zaidi kwenye mlingoti, kamba na boriti zilezile.

Mfano mmoja wa kukatika: Machi 2000, katamarani Team Philips ya Uingereza ilipoteza sehemu ya omo wa kushoto karibu na visiwa vya Scilly, kusini-magharibi mwa Uingereza, ikiwa bado majaribioni.