Kutunga ni nini, na humfanya nini mtunzi

Shairi hutungwa. Kitenzi ni kilekile cha shanga zinazopitishwa uzini na cha samaki wanaofungwa mtungo mmoja. Jipu nalo hutunga usaha, na mimba hutunga. Maana zote hizo zimo katika kazi hii: mtunzi anapanga maneno uzini, huku jambo lenyewe likiiva ndani yake kabla halijatoka.

Kinachomwingiza mtunzi ndani zaidi ya maisha yake ni huo uzi, yaani arudhi, kanuni za umbo la shairi. Tarbia, umbo ambalo mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa alilitumia kuzungumzia vita na mapenzi ya mji wake, ina mishororo, yaani mistari, 4 kila ubeti. Mshororo una mizani, yaani silabi, 16: 8 za ukwapi, kipande cha kwanza, na 8 za utao, kipande cha pili, na kila kipande huishia kwenye kina chake, silabi ya mwisho inayorudiwa mshororo hadi mshororo. Hesabu hufanywa kwa sikio. "Mvua" ni mizani 2, ila "mvuvi" ni 3, kwa kuwa m yake hutamkwa peke yake.

Chukua mvua ya masika. Mwenye haraka ataandika:

Mvua imenyesha sana, watu wakafurahia

Mizani imetimia, lakini hakuna kilichoonwa. "Sana" limewekwa kuziba pengo, na "wakafurahia" ni jina la hisia tu. Msomaji haoni uso wa mtu. Hapa ndipo wengi hukwama: wakiona hesabu imekubali, hudhani shairi limekubali. Mtunzi arudi dirishani atazame tena, aandike majina 3 ya vitu na vitenzi 2 vya alichokiona, ndipo ahesabu:

Bati linapiga ngoma, mama anakinga ndoo

Sasa anadaiwa vina viwili, -ma na -o, na deni hili ndilo lenye faida kubwa. Akitafuta neno la -ma atapita "homa", "huruma", "nyuma", kila moja likimuuliza: je, lilikuwapo? Mpaka afike "chuma", akumbuke kwamba maji ya kwanza ya paani hushuka na rangi ya udongo, jambo aliloliona tangu utotoni bila kulitia maanani:

Maji ya mwanzo yachuma, vumbi la jana na leo

"Yanachuma" limepunguzwa kuwa "yachuma" ili mizani itoshe. Inkisari ya namna hii inaruhusiwa. Ikizidi, ulimi hujikwaa, kwa hiyo ubeti usomwe kwa sauti, kisha ulale usiku mmoja kabla ya kusahihishwa. Neno la kina lisilolingana na kilichoonwa litolewe, hata kama ni tamu, na ikibidi kina cha mshororo wa kwanza kibadilishwe.

Mshororo wa tatu bado unadai -ma nyingine. Mtunzi atoke barazani kabla mvua haijaanuka.