Fensi ya tope sio chujio jamani

Kila saiti mpya ya ujenzi nikifika naoneshwa fensi ya tope kwanza, kile kitambaa cheusi kwenye vigingi cha kuzuia tope lisitoke saiti, na msimamizi anaionyesha kwa madaha kama vile kazi ishaisha. Mi huwa nageuka naangalia juu ya mteremko, shida inaanzia huko.

Tone la mvua likipiga udongo ulio wazi linaupasua, chembe zinaachana, halafu maji yanazisomba. Mchanga hausumbui, ukipunguza tu mwendo wa maji unatua ndani ya sekunde. Udongo wa mfinyanzi ndo msala wenyewe: chembe ya mikroni 2, yaani milimita 0.002, kwenye maji yaliyotulia kabisa, inachukua karibu masaa 8 kushuka sentimita 10, sasa we piga hesabu bwawa lako la kutuamisha tope lina kina cha mita 1, hapo unasubiri siku tatu na ushee na mvua nyingine ishafika. Ndo maana maji yanatoka bwawani bado mekundu na watu wanashangaa.

Na fensi nayo haichuji kivile. Vitundu vya kitambaa vinaziba mapema, kazi yake hasa ni kuyazuia maji yatuame nyuma yake ili tope litue. Kwa hiyo ifuate kontua, yaani mstari wa usawa mmoja kukatiza mteremko, chini ichimbiwe kama sentimita 15 na kushindiliwa, ncha zake uzikunje zipande mteremko, la sivyo maji yanapita pembeni na kujichimbia mfereji. Usikatize mkondo nayo! Mi mwenyewe zamani nilipitisha moja imekatiza kibonde, mvua moja tu ikalala chini. Na tope likikaribia nusu ya kimo, lichotwe.

Dawa ni kufunika udongo. Nyasi kavu zikitandazwa vizuri zinapokea lile pigo la tone, na ni rahisi kuliko kuchota tope mtoni. Maji yanayotoka juu yachepushe yasiingie saiti kabisa, getini mwaga mawe makubwa yakung'ute tope la matairi, basi.

Ila ugomvi wangu mkubwa ni na greda. Mkandarasi anataka asafishe eneo zima siku moja kwa vile mashine ishaletwa, wakati msingi wa upande wa pili utachimbwa miezi minne mbele, kote huko pamebaki uchi. Safisha kipande unachojenga sasa hivi. Akibisha nasubiri mvua inyeshe, tunasimama wote pale chini ya mteremko na mabuti, tunaangalia.