Risiva husomwa mgongoni: dhana potofu kuhusu sinema ya nyumbani

Ndugu na marafiki huniita niwasindikize dukani wanapotafuta risiva ya spika tano na sabufa, yaani ile mashine inayopokea sauti ya filamu na kuisukuma kwenye spika. Jambo la kwanza ninalomwomba muuzaji ni aigeuze. Mbele kuna taa na majina ya kuvutia, lakini maandishi yenye faida kwa mnunuzi yako mgongoni, tena kwa herufi ndogo.

"Wati zikiwa nyingi, sauti ni kubwa na nzuri zaidi"

Hakuna dhana inayokula fedha za watu kama hii. Pita Kariakoo, au Luthuli Avenue pale Nairobi, utakuta maboksi ya wati elfu kumi na kuendelea, na pembeni pameandikwa PMPO. Herufi hizo hazina kipimo kimoja kinachokubalika. Kila kiwanda hujipigia hesabu yake. Nguvu ya kuaminika ni ile ya RMS, ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo.

Hata RMS nayo ina masharti yake. Uliza ni chaneli ngapi, yaani njia za sauti za kila spika, zilizokuwa zikifanya kazi kwa pamoja wakati wa kupima, na sauti ilikuwa imeharibika kwa asilimia ngapi. Risiva ya wati 150 zilizopimwa kwa chaneli moja, kwa mlio mmoja tu wa Hz 1,000, huku sauti imeharibika kwa asilimia 10, inaweza kuachwa mbali na ya wati 80 zilizopimwa kwa chaneli mbili pamoja, kuanzia mlio mzito wa Hz 20 hadi mwembamba wa 20,000, uharibifu ukiwa chini ya asilimia 0.1. Sasa rudi mgongoni, pale waya wa umeme unapoingilia: pameandikwa mashine inakula wati ngapi. Inayokula wati 60 haiwezi kukupa wati elfu mfululizo. Hizo nyingine itazitoa wapi?

Halafu kuna sikio lenyewe. Kutoka wati 50 hadi 100 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ili usikie kama sauti imekuwa mara mbili, unahitaji nguvu takriban mara kumi. Ndiyo maana nashauri fedha ya wati za ziada iende kwenye spika. Spika inayotoa desibeli 90 kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja, ukiipa wati 50 itasikika sawa na ile ya desibeli 87 iliyopewa wati 100.

"Hii imetoka Japani, chomeka tu"

Mashine nyingi zilizotumika kutoka Japani ni imara kweli, na bei yake inavutia. Lakini umeme wa Japani ni volti 100, wa Marekani 120. Wetu Tanzania ni volti 230, na Kenya ni 240. Jirani yangu alinunua moja nzuri sana, nzito, vitufe vyote vipo. Muuzaji alimwambia, "Kaka, hii haifi." Aliichomeka sebuleni, ikanguruma kidogo, kisha ukaja mlio mfupi na harufu ya vanishi inayoungua. Fundi alipoifungua, waya za transfoma zilikuwa nyeusi kama mkaa. Nyuma kabisa, juu ya kibandiko cha rangi ya fedha, palikuwa pameandikwa wazi: AC 100V.

Mashine ya namna hiyo inafaa, ila ipitishe kwenye transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo uliozidi wati zilizoandikwa mgongoni. Gharama ya transfoma hiyo ijumlishe kwenye bei kabla hujaanza kupatana.

"Spika tisa ni bora kuliko tano"

Inategemea chumba na unachotazama. Dolby Atmos, inayoleta sauti hadi juu ya kichwa, iliingia kumbi za sinema mwaka 2012 na majumbani mwaka 2014, na ukiisikia imepangwa vizuri hutaisahau. Ila chaneli nyingi za ving'amuzi na video nyingi za mtandaoni huleta sauti ya stirio, yaani mbili tu. Risiva inaweza kuzisambaza kwenye spika zote, lakini kwa kukisia.

Katika sebule ya kawaida, ambapo kochi limegusa ukuta, spika tano zilizokaa mahali pake zinatosha. Ya katikati ndiyo ya kuitunza kuliko zote, kwa sababu maongezi mengi ya filamu hupitia hapo. Mtu akilalamika kwamba milipuko inatisha lakini maneno hayasikiki, mara nyingi spika hiyo ni dhaifu au imesukumwa ndani kabisa ya kabati.

"Tundu lolote la HDMI litarudisha sauti ya runinga"

HDMI ni waya unaobeba picha na sauti pamoja, lakini tundu linalorudisha sauti ya runinga kwenye risiva ni lile lililoandikwa ARC au eARC, na liwe hivyo pande zote mbili, kwenye runinga na kwenye risiva. Kama huna, waya wa optiko, unaopitisha sauti kwa mwanga, utakupa Dolby Digital ya 5.1 (spika tano na sabufa), lakini hauwezi kubeba Dolby TrueHD, sauti isiyopunguzwa ubora. Waya wa bei mbaya hauongezi utamu wowote; sauti ni ya dijitali, aidha inafika au inakatika.

"Risiva ndogo haiwezi kuua spika kubwa"

Inaua. Ikifunguliwa hadi mwisho inakata vilele vya sauti, na twita, spika ndogo za sauti nyembamba, ndizo zinazotangulia kuungua.

"Spika yoyote inaingia"

Angalia tena mgongoni, kwenye matundu ya spika: utaona mfano omu 6 hadi 16, kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme. Ukifunga spika za omu 4 hapo na kupiga kwa nguvu, mashine inachemka, na mara nyingine inajizima yenyewe katikati ya filamu. Iachie nafasi ya kupumua, wala usiweke king'amuzi juu yake. Na kile kitambaa cha kufuma tunachopenda kukitandika juu ya kila kitu sebuleni, tafadhali kihamishie mezani. Matundu ya hewa ya risiva yako juu, ndipo joto linapotokea.