Kimbunga cha Vumbi, Kimbunga cha Bahari

Ukitaja kimbunga hapa Dodoma, mtu anakumbuka kisulisuli cha kiangazi: kinazoa vumbi uwanjani, kinang'oa kanga kambani, kabla hujafunga dirisha kimeshakufa. Ndiyo maana Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaelekea Mafia, jirani yangu alinitania: "Mama Hali ya Hewa, si upepo tu huo? Utapita."

Hali ya hewa ndiyo kazi yangu, na siku zile simu haikupumzika. Wifi yangu anaishi Kilwa Masoko, nyumba yake iko mwinuko kidogo, na watu wa karibu na ufuko walikuwa wameanza kumletea magodoro.

Kisulisuli chetu huzaliwa na ardhi iliyochomwa na jua. Hewa ya chini inapanda ghafla, inajizungusha, basi. Kimbunga cha bahari kinakula joto la maji. Kinataka bahari yenye nyuzijoto 26 au 27 kwenda juu, tena joto hilo lifike kina cha makumi ya mita. Mvuke unapanda, unageuka mawingu, na katika kugeuka huko unatoa joto linalovuta mvuke mwingine. Kinachoyazungusha yote hayo ni mzunguko wa dunia yenyewe, ambao msukumo wake ni hafifu karibu na ikweta. Pwani yetu iko ukingoni mwa eneo hilo, kwa hiyo vimbunga hutufikia mara chache. Kikipanda nchi kavu, kimekatiwa chakula. Hadi Dodoma hakifiki.

Ila kinaweza kutugusa kwa mbali. Kati ya Januari na Machi, kimbunga kikikaa upande wa Madagaska au Msumbiji, kinaweza kuvuta unyevu wetu kwenda huko, na mkulima wa Kongwa akaona anga jeupe mtama wake ukiwa unatoa masuke. Kikikaa mahali pengine, kinavuta hewa yenye unyevu kutoka Kongo na sisi tunalowa. Inategemea kilipo.

Wifi hakuwa na haja na hayo. Alitaka saa. "Kinafika saa ngapi?" Saa sikuwa nayo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo, tahadhari, kisha tahadhari kubwa, na kila hatua bado ina "huenda" ndani yake, kwa sababu kimbunga hubadili njia na nguvu kikiwa safarini. Tatizo ni kwamba watu wa pwani walikuwa wanaikumbuka Jobo, Aprili 2021: walijiandaa, ikafia baharini. Wifi alibeba vyombo mwaka ule na hakutaka kuchekwa mara ya pili. Nilimwambia achekwe tu.

Basi akachota maji mapema, akaingiza mkaa ndani, akafunga vyeti kwenye nailoni. Vyumba viwili, watu kumi na wanne, choo kimoja. (Tukizungumzia kuhifadhi watu tunataja mablanketi, aliyewahi kuwahifadhi anataja choo.) Nilimsisitiza jambo moja: upepo ukinyamaza ghafla asimruhusu mtu kutoka, kwani katikati ya kimbunga huwa shwari, na upande wa pili unafuata.

Hidaya ilifika Mafia Jumamosi, tarehe 4 Mei, ikiwa imeshapungua, na usiku ule ikatangazwa kuwa imepoteza nguvu. Jirani yangu akaja mlangoni: "Nilikwambia!"

Hakuwa amesikia habari za mvua. Maji yalikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam kule Somanga, malori na mabasi yakakwama pande zote mbili. Wageni wa wifi walirudi makwao, isipokuwa kijana mmoja aliyekuwa safarini kwenda Dar. Alikuja kujikinga na upepo usiku mmoja, akakaa siku kadhaa akimkunia wifi nazi.