Nilimpata babu kwenye karatasi za wengine

Kwetu ilikuwa ikisemwa hivi tu: yule mzee alikuwa na shamba la karafuu Unguja, na alikuwa karani wa kadhi. Mimi ni kilembwe chake. Kazi yangu ni kusoma hati za kale kwa ajili ya watu wanaotafuta asili zao, na miaka yote hiyo niliwasomea wengine, wangu nikamwacha.

Nilipoanza, nilikosea kama wanavyokosea wateja wangu: nikamtafuta kwa jina. Jina la mtu wa Unguja wa karne ya 19 halishikiki. Hati hii inamtaja yeye na baba yake, ile inaongeza babu, nyingine inaongeza kabila, na wenye jina kama lake wamejaa mji mzima. Lakini karani ana mwandiko. Mwisho wa hati ya Kiarabu utakuta "katabahu", ameiandika, kisha jina, kisha "biyadihi", kwa mkono wake. Nilipompata mara moja kwa uhakika, nikaachana na jina nikafuata mkono. "Ya" yake ya mwisho wa neno hurudi nyuma chini ya maneno mawili matatu, ndefu na nyembamba kama mkia wa samaki taa. Baada ya siku chache kwenye hifadhi ya nyaraka ya Zanzibar, Kilimani, nilikuwa naitambua kabla sijasoma kitu.

Nyingi ya hati zake ni za bei ya khiyari. Mtu anauza shamba, anapokea riali zake, na anabaki na haki ya kulikomboa kwa muda waliopatana. Jina lake mauzo, ila kazi yake mkopo, maana riba ni haramu. Mara nyingi muuzaji alibaki palepale akilipa kodi, na kodi hiyo ndiyo faida ya mwenye fedha. Kwa hiyo ukiona "ameuza" usikimbilie kuandika kwamba shamba liliondoka ukoo.

Tarehe nazo zina mitego. Siku huanza magharibi, kwa hiyo "usiku wa Jumatatu" ni Jumapili jua likishakuchwa. Sisi tunaosema usiku wa kuamkia hatuna udhuru wa kukosea hapo. Mwaka 1289 wa hijria ulianza Machi 1872. Mwezi uliofuata kimbunga kikaangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Ukilijua hilo, hati ya 1290 ya mwenye shamba anayetafuta fedha inajieleza.

Hati ya shamba la babu mwenyewe ni ya mwaka huo. Imeandikwa na karani mwingine, kwa hiyo mkia wa taa haukunisaidia. Niliitambua kwa mipaka: matlai, yaani mashariki, shamba la fulani, suheli, kusini, njia, kibla, kaskazini, fulani mwingine, majirani walewale wa hati zake za nyuma. Ndani mna mikarafuu iliyobaki, imehesabiwa, minazi, imehesabiwa, kisima kimoja, "na watumwa waliomo". Hao hawakuhesabiwa wala kutajwa majina.

Nilikwenda. Baada ya 1964 ardhi ile iligawiwa eka tatu tatu, lakini kisima kipo. Mzee mwenye eka ya jirani akaniuliza, "Wewe mwanangu ni wa bwana shamba au wa watu wa shamba?" Nikamwambia, wa bwana shamba. "Haya, na sisi karatasi zetu ziko wapi?"

Nikamweleza kuhusu amri ya Sultan Hamoud ya Aprili 1897. Utumwa ulifutwa kisheria, ila aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuuomba, na fidia akalipwa bwana. Kwenye maombi hayo ndiko watu wa shamba wanakoanza kuwa na majina, mara nyingi bila la baba.

Akanitajia jina la bibi yake mzaa mama. Nikaliandika kwa penseli nyuma ya nakala ya hati ya babu, maana karatasi nyingine sikuwa nayo.